Risasi ya Kumi

Mzee Mbwilo alifungua kitambaa, akalaza bunduki yake juu ya meza ya kituo cha polisi, kama alivyofanya kila mwaka siku ya ukaguzi. Kando yake aliweka kibali na risasi tisa.

"Ya kumi iko wapi?" aliuliza Sajini Kilumbi.

"Nilimpigia fisi zizini. Ganda la risasi nimelitafuta kwenye matope wiki nzima, mwanangu, sijaliona."

"Bila ganda, bunduki inabaki hapa. Na kibali. Nawe utajieleza mahakamani."

Mzee alimkazia macho. Miezi mitatu iliyopita aliikuta bastola ya Sajini huyuhuyu chini ya benchi la kilabu cha pombe. Aliifunika kwa mihogo kikapuni, akampelekea nyumbani kabla wakubwa wake hawajajua. Siku ile Sajini alimshika miguu akilia, akamwita baba.

"Kilumbi, ile yako ulijieleza wapi?"

"Mzee, tusichanganye mambo. Ile ni ya serikali."

Sajini aliinuka kwenda kuifungia bunduki kabatini. Kiunoni mwake, kifuniko cha mkoba wa bastola kilikuwa kikining'inia wazi. Mzee alikiona, akaendelea kukunja kitambaa chake kitupu.