Kiburi cha Raya

"Umempita maalim njiani usimwamkie!" Bi Zuwena alifoka mpaka majirani wakachungulia. "Kiburi hicho umekitoa wapi?"

"Sikumwona, bibi," alisema Raya, mjukuu wake.

"Mtu mzima na kilemba chake, humwoni?"

Miwani ambayo daktari alitaka mtoto avae kutwa, macho yasizidi kudhoofika, Bi Zuwena mwenyewe ndiye aliyeifungia kabatini. Eti miwani ni ya wazee, humlemaza mtoto macho!

"Haya, babu yako yule uani. Mwamkie nisikie!"

Raya akasimama mlangoni, akafinya macho, akaiinamia kanzu iliyoanikwa kambani.

"Shikamoo, babu."

Kanzu ikapepea. Babu, aliyekuwa pembeni akitawadha, akaliweka birika chini, akamtazama mkewe. Bi Zuwena akalifumbata pindo la kanga, alimofunga ufunguo wa kabati.