Saa Nzima ya Fimbo Fupi

Mpira wa arobaini nao ulipita kando ya shimo, karibu kabisa. Makarius alipiga ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu, akaenda kuokota mipira yake. Ni mtu wa ibada. Huwa anashukuru kwa kila jambo.

Alikuwa mtunza stoo katika shamba la mkonge upande wa Rudewa, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mkataba ukiisha, nyumba ya kampuni nayo inaondoka, na binti yake Happyness alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza chuo cha uuguzi. Mwenye kutia saini alikuwa meneja. Na meneja, kwa hekima yake kubwa, aliamini kwamba mfanyakazi hupimwa kwa gofu. Alikuwa ametangaza kwamba kwenye kombe la shamba atacheza na Makarius, na kwamba hataki mtu wa kumlegezea. Anataka mpinzani wa kweli.

Basi Makarius alijipangia ratiba ya wiki sita, akaibandika mlangoni mwa stoo. Kila jioni, fimbo kubwa ya kupigia mbali, dakika kumi. Fimbo za chuma, robo saa. Fimbo fupi, ile ya kusukumia mpira shimoni, saa nzima.

Ratiba ile ilizaa wataalamu. Watu ambao mipira yao hupotelea kwenye mkonge kila wiki, na mmoja aliyewahi kumpiga ng'ombe wa wafugaji badala ya mpira, wote sasa walijua muda wa mazoezi unavyotakiwa kugawanywa. Lupakisyo, msimamizi wa kiwanda, alieleza kwa nusu saa kwamba muda wote uende kwenye fimbo kubwa, maana mlio wake unasikika hadi ofisini.

"Hilo ndilo tatizo lake," Makarius alisema. "Fimbo kubwa ukikosea, kila mtu anaona."

Hata Rafaeli alikuja kutazama. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea wa shamba, na mwaka juzi alimshinda meneja kwa mbali mbele ya watu wote. Mkataba wake ulikwisha mwezi uleule, mambo ya kawaida ya ofisi, na sasa anaziba pancha za malori Mikumi. Alisimama, akahesabu mipira kumi ikipita pembeni, akacheka hadi akashika magoti.

"Kaka, mpira wa hatua mbili mimi nilikuwa naingiza huku napiga soga."

"Najua," Makarius alijibu. "Nilikuwepo."

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Sikuzani. Uwanja ule wa kizamani hauna nyasi karibu na mashimo. Una mchanga uliomwagiwa oili chafu, na kabla mtu hajasukuma mpira, lazima njia yake ilainishwe kwa ubao wenye mpini. Ubao huo ulikuwa wa Sikuzani. Makarius ndiye aliyemwombea kazi hiyo alipofiwa na mumewe, kwa hiyo kila jioni Sikuzani alibaki kumlainishia mchanga, na kila jioni aliona aibu kwa niaba yake. Wiki sita, mipira arobaini kwa siku, na hakuna hata mmoja ulioingia. Hakuwahi kuona bidii kubwa kiasi kile ikimwangukia mtu mwenye kipaji kidogo kiasi kile. Akaanza kumwombea dua kila baada ya sala ya alfajiri, akimtajia Mungu jina la Makarius na la fimbo yenyewe.

Jumamosi ilifika. Shamba zima lilijipanga pembeni mwa uwanja, na mbuzi wa supu alikuwa tayari jikoni. Meneja alicheza vizuri, na Makarius, kwa mshangao wa wataalamu wote, alicheza vizuri vilevile. Walikwenda pamoja shimo kwa shimo, mpaka la tisa. Meneja alimaliza. Mpira wa Makarius ulikuwa umebaki hatua mbili tu kutoka shimoni. Ukiingia, ameshinda. Ukikosa, watalingana, na wakilingana kombe linabaki kwa meneja, aliyekuwa nalo tangu mwaka jana.

Watu walisogea karibu. Makarius alifumba macho na kuanza kusali kimyakimya.

Sikuzani alipitisha ubao. Aliwaza ile nyumba, akamwaza yule binti, na mkono wake ukakandamiza ukingo wa ubao kidogo, kidogo sana, kiasi cha kuacha mfereji mwembamba ambao mtu asingeuona asipoinama. Aliuelekeza shimoni, akamwomba Mungu amsamehe, akasogea.

Makarius alifumbua macho, akausukuma mpira. Uliviringika taratibu, ukaanza kwenda pembeni kama ilivyo desturi yake, ukaingia kwenye mfereji, ukapinda, ukatumbukia.

Vigelegele vilisikika hadi barabara ya Kilosa. Lupakisyo aliwaeleza waliokuwa karibu naye kwamba ushauri wake ndio uliofanya kazi. Meneja alivua glavu kidole kimoja kimoja, akasema hongera, akasema Jumatatu ataangalia yale mambo ya mikataba, akaingia kwenye gari bila kuonja supu.

Sikuzani alimsogelea Makarius, aliyekuwa bado ameinama palepale, akilitazama shimo.

"Shikamoo mzee wangu," alimnong'oneza, akishindwa kuficha furaha. "Unisamehe, nimekusaidia kidogo na ubao. Nimekuonea huruma. Wiki sita, hata mmoja haujaingia."

"Marahaba, Sikuzani," Makarius alisema. "Wiki sita zote hizo nilikuwa najifunza kukosa."