Kapu la Asnath

Mbwa wa Mzee Clement alimfuata Alute mpaka mlango wa kanisa, akinusa kapu alilobeba begani.

"Polisi! Rudi nyumbani!" Mzee Clement alifoka kutoka mimbarini. Waumini wakacheka. Polisi akajilaza kizingitini.

Alute akatua kapu mbele, kati ya madebe ya mtama na kuku waliofungwa miguu. Lilikuwa zito, limefunikwa kanga ya marehemu mkewe, Asnath. Shati limemlowa jasho. Miaka miwili hajakanyaga pale, tangu siku ya mazishi.

"Kondoo amerudi!" Mzee Clement akalainisha sauti. Mwinjilisti alikuwa safarini, kwa hiyo mahubiri ya Sikukuu ya Mavuno yalimwangukia yeye. Na mzee huyu ukimpa mimbari, kuipata tena ni shughuli. Vyeo vyote vilikuwa vyake: mzee wa kanisa yeye, mwenyekiti wa kamati ya zahanati yeye, hata mpira watu waliutazama kwake, maana jua likizama nyumba yake ndiyo iliyong'aa.

"Dunia iko gizani, wapendwa! Nani ataipelekea nuru? Ni mimi! Ni wewe! Mtu ana taa, halafu anaificha mvunguni, huyo atajibu nini mbinguni?"

"Amina!"

Alute alikuwa akimtazama nesi wa zahanati. Huyo ndiye aliyemzalisha Asnath huku ameng'ata simu yenye tochi, mpaka simu ikaisha chaji. Damu ikatoka gizani, hakuna aliyeona inatokea wapi. Mama akaenda, mtoto akamfuata. Betri ya sola ya zahanati ilikuwa imeibwa wiki moja kabla. Kamati ilikaa, mwenyekiti akafungua kwa sala, akafunga kwa sala, katikati wakaandika kwamba wezi hawajulikani. Msibani Mzee Clement akamshika Alute bega: "Kazi ya Mungu haina makosa, ndugu yangu." Mungu akasingiziwa, akanyamaza.

Pembeni ya nesi alikaa Pendo, binti pekee wa Alute, tumbo la mwezi wa tisa. Chumba cha kujifungulia ni kile kile. Giza ni lile lile.

Ibada ikaisha, sadaka zikatolewa nje kunadiwa. Festo, mnadishaji, aliuza mayai, akauza jogoo, akafika kwenye kapu. Akalinyanyua kidogo, akaguna.

"Haya, mnamjua Alute na mizinga yake! Asali ya msitu wa Itigi hii! Baba Pendo, tuifunue?"

"Ni sadaka ya Asnath, kumwombea Pendo ajifungue salama," alisema Alute. "Anayemtolea Mungu hachungulii."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwalimu akataja bei. Mzee Clement akapanda juu yake. Mwalimu akapanda, mzee akapanda tena, safari hii akigeuka huku na huku ahakikishe wote wamesikia. Mwalimu akanyoosha mikono.

"La mzee wetu!" Festo akapiga kelele. "Baba wa nuru! Vigelegele, akina mama!"

"Nawaambia ukweli," Mzee Clement alisema, akikunja mikono ya koti, "asali hii nusu nitampa Pendo mwenyewe, anywe uji. Ndiyo Ukristo huo!"

"Asante, mzee," Alute alijibu. "Lakini mpe yote."

Mzee akacheka, akaivuta kanga kwa madaha, kila mtu aone.

Ilikuwa betri. Ubavuni mwake, ingawa mtu alijaribu kuyakwangua kwa kisu, maandishi meupe ya mkono wa nesi yalisomeka: ZAHANATI, CHUMBA CHA WAZAZI.

"Nimeikuta mvunguni kwako, mzee," alisema Alute. "Waya nimekuachia."