Picha ya Dukani kwa Bi Mwatima

Rais wa zamani aliingia peke yake kwenye duka la ushonaji, koti mkononi, akasimama nyuma ya mwanamke aliyeleta pazia lipindwe. Bi Mwatima, mwenye duka, alipoinua macho nusura ajidunge sindano.

"Shikamoo, mheshimiwa Rais."

"Marahaba, Bi Mwatima. Rais yuko Ikulu. Mimi nimeleta koti lipunguzwe."

Ndipo alipoiona picha yake juu ya cherehani, palepale ilipotundikwa miaka yote, kama sheria inavyotaka kwa kila duka. Mpinzani wake alikuwa ameshaapishwa wiki iliyopita.

"Ya mwenzangu bado hujaipata?"

Bi Mwatima aliinama, akaitoa chini ya meza ya kukatia, ingali imefungwa kwa gazeti. "Ninayo. Mkono ndio umekataa, baba. Kura yangu nilikupa wewe."

"Ahsante sana. Lakini waliompa yeye ni wengi zaidi."

Akavua viatu, akapanda juu ya stuli, akajishusha mwenyewe ukutani. Kisha akaifungua gazeti picha ya aliyemshinda, akaifuta kwa mkono wa shati lake, akaitundika.

"Imekaa sawa?"

"Imelalia kushoto kidogo."

Akainyoosha taratibu mpaka alipoambiwa basi.

Alipoondoka, Bi Mwatima alirudi kwenye cherehani, lakini mguu haukukanyaga. Picha mpya ilikuwa ndogo. Kuizunguka pande zote, palipofunikwa na ile ya zamani, ukuta ulikuwa bado mweupe, kama siku ulipopakwa rangi.