Moja Hadi Tano

Msichana wa maswali hakuandika jibu lolote kabla ya kumtazama Mama.

Yueh-o aliligundua hilo mapema. Walikuwa mezani, nyumbani kwao mjini Chiayi, asubuhi, na Mama mwenye miaka tisini na miwili alikuwa akimenya viazi vitamu vya kutia kwenye uji wa mchele.

"Bwana Kuo, mratibu wenu wa huduma, anakuja siku mlizopatana?" aliuliza Pei-jung wa ofisi ya huduma za wazee. "Moja, hamjaridhika. Tano, mmeridhika sana."

"Tano," Yueh-o akajibu.

Macho ya msichana yakaenda kwa Mama. Mama akaitikia kwa kichwa, ndipo kalamu ikashuka.

Huyu ananichunguza, Yueh-o aliwaza. Bila shaka jirani A-Siu, mdomo wazi yule, amepeleka umbea kwamba Mama halelewi vizuri. Kwa mzee Liao walianza hivihivi, tabasamu na karatasi, na wiki haikuisha wakampeleka kwenye nyumba ya wazee. Yueh-o alikuwa na miaka sabini na mmoja, hakuolewa wala hakuzaa. Wakimchukua Mama, atabaki na nani?

"Dawa amewaelekeza vizuri?"

"Tano. Dawa hazikosi hapa."

Msichana akamtazama Mama tena. "Na kufuli aliloleta, limesaidia?"

"Limesaidia," Mama akasema. "Mwezi huu hakuna aliyetoka usiku."

Yueh-o alishtuka. Kumbe Mama alikuwa akitoka usiku, na yeye hana habari! Sasa watasema ameshindwa kumlinda.

"Usimsikilize," akamwambia msichana, akijitahidi kucheka. "Mama anasahausahau siku hizi. Uzee huo."

Pei-jung hakucheka. "La mwisho. Mlezi anapata muda wa kupumzika?"

"Mimi sichoki. Tia tano."

Lakini Mama aliinua vidole viwili, kimyakimya, na msichana akaandika mbili. Yueh-o aliona uchungu. Mama yake mwenyewe anamchongea, tena mbele ya mgeni.

"Mama, mbona unaniharibia?" Akamgeukia msichana. "Nimemwogesha na kumlisha kwa mikono hii. Msimchukue, nakuomba."

"Hakuna anayechukuliwa leo, mama," Pei-jung akasema kwa upole. Akaigeuza karatasi. "Imebaki sahihi ya mlezi tu."

Yueh-o akanyoosha mkono. Kalamu ikampita, ikaenda kwa Mama, naye akaandika jina lake polepole, herufi baada ya herufi.

"Usiogope, mwanangu," Mama akasema. "Nimewaambia hutoki nyumba hii maadamu mimi ni mzima."