Pete Kiganjani

"Ikipotea pete yangu, Bwana Kombo, na wewe potea," alisema Riziki, akiivua kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Mumewe, mfanya kiinimacho, alitafuta gundi ya kuishika pete kiganjani, kisha iiachie atakapo. Alasiri hiyo angeonyesha kiinimacho cha kupoteza pete kwenye harusi ya jirani. Nta iliyeyuka kwa jasho. Ulimbo wa kunasia ndege uling'ang'ania mpaka Riziki akauondoa kwa mafuta ya taa, huku akicheka. Ndipo Kombo akajaribu gundi laini ya kubandikia picha ukutani. Akatikisa mkono wa kulia, pete ikatulia. Akaigusa kidogo, ikaachia.

"Hii ndiyo yenyewe!" akasema, akaibandika tena.

"Asalaam aleikum!" Maalim Shaibu alikuwa mlangoni, akipita kwenda kuomba dua harusini, mkono ameshaunyoosha. Mkono wa Maalim haukataliwi. Kombo akaupokea kwa mkono huohuo, akaubusu.

Maalim alipoondoka, Kombo akatazama kiganja chake. Kitupu.

"Bwana Kombo," Riziki akaita taratibu kutoka dirishani, "njoo uone kiinimacho chako."

Chini ya turubai la harusi, Maalim alikuwa amefumba macho, ameinua viganja vyote viwili, na kimoja kinameremeta. Watu wakaitikia amina, macho yamewatoka.