Babu Koleo na Duara la Buluu

Povu lilipotulia chunguni ndipo Bibi Mwiko alipoliona duara la buluu.

Akaishusha miwani kutoka kichwani ilikokuwa imepumzika, akainama. Duara lilikuwa palepale, mgongoni mwa kaa, na kaa mwenyewe alishakuwa mwekundu kama pilipili.

"Ole wangu," akanong'ona. "Nimempika Babu Koleo."

Kisiwani pale nani asiyemjua Babu Koleo? Kituo cha utafiti kilifunguliwa kila mvua zilipokwisha, kikafungwa bahari ilipochafuka. Na kila msimu mkuu wa kituo alitangulia peke yake, akamkuta kaa yuleyule kwenye mwamba uleule, na alama yake mgongoni. Kaa asiyesahau kwao! Akamweka kwenye zizi la wavu ukingoni mwa maji, na shule zikaja kumtazama, boti kwa boti. Bila kaa huyo, nahodha alizoea kusema, sote tungekuwa makwetu tunahesabu mbu.

Bibi ndiye aliyeufungua ule wavu. Alikuwa amekatazwa kumlisha, lakini mkono wa mpishi haujui kumpita mwenye njaa, na kila siku alimpelekea kaa ukoko wa wali. Siku hiyo alisikia chungu kinafurika, akakimbia jikoni, akasahau kufunga. Baadaye akamkuta kaa anatambaa kando ya kuni. Akacheka: mgeni njoo, mwenyeji apone! Miwani ikiwa kichwani, akamtia chunguni. Kumbe maskini alikuwa amemfuata aliyemlisha.

Watu wakala maharage. Bibi akalisugua ganda, akalifunga kwenye kitambaa, akalizika ndani ya pipa la unga.

Kulipokucha kituo kizima kilikuwa kimelizunguka zizi. Zamu ilikuwa ya Twiga, mtafiti mrefu wa maneno machache, ambaye mkewe huko nyumbani alikuwa karibu kujifungua.

"Ulifunga au hukufunga?" mkuu akamuuliza.

"Nadhani nilifunga, Daktari."

"Nadhani haifungi zizi. Boti la kesho likija, panda na mizigo yako. Shahada utaitafutia kwingine."

Twiga akaja jikoni, akakaa juu ya gunia, magoti yakimfika masikioni.

"Nimeharibu kazi ya watu, Bibi. Nilikuwa namuwaza mama mtoto, akili haikuwepo. Nitamwambia nini sasa?"

"Kunywa chai, mwanangu."

Alimmiminia chai, nyingine ikaenda mezani. Ukweli ulimpanda Bibi hadi kooni, akaumeza kama mwiba wa samaki. Kwake kulikuwa na wajukuu wasio na mama, na wote walikula kwa mwiko ule.

Alasiri akateremka mwambani na ndoo. Akarudi na kaa wa kimo kilekile, ambaye nusura aondoke na kidole chake. Chini ya kopo la rangi ya madirisha palibaki buluu kidogo. Akachovya ncha ya mwiko, akamchora duara mgongoni, akalipepea mpaka likakauka.

"Nisamehe," akamwambia kaa. "Umekuwa babu hata kuoa hujaoa."

Kisha akapiga kelele: "Jamani eeh! Babu Koleo huyu hapa, nyuma ya pipa la maji!"

Twiga alilia mbele za watu bila haya. Mkuu alikuja akipenya katikati yao. Alimtazama kaa mara moja tu. Akamtazama Bibi, kisha ncha ya mwiko wake.

"Ndiye," akasema, akaenda zake.

Basi Twiga akabaki, na Bibi akabaki na mzigo wake. Kila mkuu alipowaambia watoto, "Huyu ni yuleyule, watoto, miaka nenda miaka rudi," Bibi jikoni alitia chumvi mara mbili. Twiga akawa anamletea kuni na kumwita mama, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Siku moja, ili kujisahaulisha, akawakusanya watoto wa shule kando ya zizi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Navua gwanda langu zima, naliacha mlangoni, natoka na jipya."

"Kaa!" wakaitika kwa pamoja.

Binti mmoja mwenye pengo akakunja uso. "Sasa Bibi, Babu Koleo akivua gwanda, lile duara linabaki wapi?"

Bibi akahisi swali limemlenga yeye.

"Twendeni, twendeni, maji yanakupwa!" mkuu akadakia, akawaswaga watoto ufukweni kama bata.

Msimu ukaisha. Vitanda vikakunjwa, zizi likang'olewa, Twiga akapata habari kwamba ni mtoto wa kike. Alikimbilia jikoni kwanza. "Nimempa jina lako, Bibi!"

Hapo Bibi akashindwa. Akalifukua lile furushi kwenye unga, akaenda nalo ofisini, vumbi jeupe likimdondoka njia nzima.

"Daktari, mwanangu, usinikatize, nikisimama sitaweza tena." Akaeleza yote: ukoko, wavu, chungu, rangi ya madirisha. Akalifungua ganda juu ya meza. "Twiga hana kosa. Umewadanganya watoto wa watu kwa sababu yangu mimi. Nifukuze."

Mkuu alilitazama ganda. Akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo. Kisha akapiga magoti, akavuta droo ya chini kabisa.

Ndani yake yalikuwamo maganda ya kaa, yamepangwa safu, na kila moja mgongoni lina duara la buluu.

Akalichukua ganda la Bibi, akalipangusa unga kwa kiganja, akaliweka mwisho wa safu.

"Ile rangi ya madirisha imebaki?" akauliza taratibu. "Yangu imeisha."